YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTANDAO WA TANURU USIOREJESHA MIPANGILIO KIFAA KINAPOBADILISHWA

Mkuu wa Matengenezo,
Kiwanda cha Chokaa,
Tanga.

Kwa: Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wetu una kipengele mlichokiandika wenyewe: kifaa cha mtandao kikifa, fundi wa zamu atakitoa, atachomeka kingine cha aina ileile, na mtambo utakirudishia mipangilio yake bila kompyuta wala mhandisi. Kwa sababu ya kipengele hicho tuliwaacha waliotaja bei ndogo kuliko yenu. Kutoka kwenu hadi kwetu ni takribani kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera, na tanuru halijui kumsubiri mtu aliyeko barabarani.

Wiki iliyopita, usiku, kituo kinachokusanya ishara za vihisi karibu na roli zinazobeba tanuru kiliungua. Fundi wa zamu alitoa spea stoo, namba ya aina ni ileile, akarudisha kila kebo kwenye tundu lake. Taa nyekundu ikabaki nyekundu, na PLC, yaani kidhibiti kinachoongoza mtambo mzima, haikukiona kabisa. Mtu wenu wa simu alisema huenda fundi amechomeka vibaya. Kijana huyo namfahamu, hachomeki vibaya. Wakati ubishi huo ukiendelea, wenzake walikuwa wanalizungusha tanuru kwa injini ya dharura, kwa sababu tanuru la mzunguko likisimama likiwa la moto, bomba lake hupinda kwa uzito wake lenyewe. Hilo mnalijua, au mlipaswa kulijua kabla ya kuomba kazi hii.

Asubuhi tuliambiwa eti huduma hiyo “haipo kwenye mitambo ya aina hii”. Ipo. Kwenye PROFINET, mtandao unaounganisha PLC na vifaa vyake, PLC hukitambua kifaa kwa jina kilichopewa, na anwani ya IP hufuata baadaye. Kifaa kipya hakina jina. Ila kila kifaa cha PROFINET hutangaza kwa LLDP, ujumbe wa kujitambulisha kwa majirani, kimeungana na jirani gani, kwenye tundu lipi. PLC iliyowekewa ramani ya mtandao inasoma matangazo hayo, inaona kwamba kilicho kati ya fulani na fulani hakina jina, basi kinashika nafasi ya kilichoondoka. Inakipa jina, anwani na vigezo, kazi inaendelea. Ndivyo mlivyotuonyesha ofisini kwenu, tena mkajipigia makofi wenyewe.

Tulimwita mhandisi wa nje akague. Ndani ya mradi wa PLC, yaani faili lenye programu na mipangilio yake, ramani hiyo haikuchorwa. Vifaa vimeorodheshwa tu, hakuna tundu hata moja lililounganishwa na jingine, sasa PLC ingejuaje nani ni jirani ya nani? Katikati ya laini mmeweka swichi (visanduku vinavyounganisha kebo za mtandao) za bei rahisi zisizosimamiwa, ambazo hazitangazi ujirani wowote, kwa hiyo hata ramani ingekuwepo ingekatikia hapo. Michoro mliyosaini inataja swichi za kusimamiwa, na ankara tuliyolipa ni ya hizo.

Lililoniudhi kuliko yote ni ile spea. Ilikuja kwenye boksi lenye lakiri yenu ikiwa tayari na jina ndani yake, na jina lenyewe ni la mtambo wa watu wengine. Kifaa chenye jina hakipewi jingine mpaka kifutwe kwanza, au mradi uwe umeruhusu majina ya zamani yafutwe, nao haukuruhusu. Maana yake tumelipia kipya tukapewa kilichokwisha kutumika. Mmetuuzia mbuzi kwenye gunia.

Inveta ya feni kubwa, kifaa kinachodhibiti kasi ya mota yake, haijafa, lakini nayo ina kasoro. Kwa jinsi mlivyoifunga, PLC itairudishia jina na anwani tu. Data za mota, muda wa kupandisha kasi na mipaka ya ampea vimo ndani ya inveta yenyewe, na tulikubaliana vihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu ambayo fundi ataihamisha kutoka inveta mbovu kwenda nzima. Tumefungua, nafasi ya kadi iko tupu.

Halafu nywila ya mradi wa PLC mmebaki nayo nyinyi. Mhandisi tuliyemwita aliweza kuutazama mradi, kuurekebisha hakuweza. Mtambo ni wetu, umelipiwa, na mradi umo kwenye orodha ya makabidhiano.

Ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii tunataka nywila na nakala kamili ya mradi, swichi zilizomo kwenye michoro, kadi za inveta zikiwa na data zake, na spea mpya isiyo na jina. Gharama zote ni zenu, pamoja na ya mhandisi wa nje. Ramani ikishachorwa, tutafanya jaribio mchana, tanuru likiwa limepoa: fundi wetu atachagua kifaa chochote, atakitoa na kuweka kingine bila kompyuta. Mhandisi wenu awepo, mikono ikiwa mfukoni. Jaribio lisipofaulu, fedha tulizozizuia kwa kipindi cha dhamana hazitatoka, na barua itakayofuata itaandikwa na mwanasheria wetu.

Wenu katika kazi,

Mkuu wa Matengenezo

Nakala: Meneja wa Kiwanda, Mhasibu Mkuu