Kuhusu Dawa za Lehemu Ulizoziacha

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Nilipofika pale unaposema umeacha dawa za kushusha lehemu, yaani kolesteroli, kwa kuwa umesikia kwamba ikishuka mno huleta sonona, niliona heri nikuandikie, maana kwenye simu ungenikatiza.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1990 watafiti walijumlisha majaribio ya kupunguza lehemu yaliyokuwapo, wakakuta kwamba vifo vya maradhi ya moyo vilielekea kupungua, ilhali vile vya ajali, vya kujiua na vya ukatili viliongezeka. Hata hivyo, majaribio makubwa yaliyofuata ya statini, aina ya dawa za kupunguza lehemu uliyoandikiwa wewe, hayakuonyesha ongezeko hilo. Tena ubongo, ulio kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, unabeba kati ya asilimia 20 na 25 ya lehemu yetu yote, nao hujitengenezea wenyewe, kwa sababu lehemu iliyomo kwenye damu haipenyi kizuizi kinachoutenga ubongo na damu.

Mwaka ule niliougua sonona, nawe ukaambiwa kwamba mama amechoka tu, lehemu yangu ilishuka kutoka 240 hadi 170 bila kidonge hata kimoja. Daktari aliifurahia karatasi ya maabara mpaka alipouona mkanda wangu, niliokuwa nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Nilikuwa sili. Huzuni ndiyo iliyoishusha lehemu, wala si lehemu iliyoniletea huzuni, na tangu hapo nikisikia kwamba wenye sonona wana lehemu ndogo, huuliza kwanza kama wanakula. Mambo huweza pia kwenda kinyume: baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama olanzapini, hupandisha uzito na mafuta ya damu, ndiyo maana wanaozitumia hupimwa mara kwa mara.

Sisemi kwamba unayoyahisi ni ya kubuni. Rudi kwa daktari, umweleze huzuni hiyo kama ugonjwa unaojitegemea, na umwambie pia kwamba umeacha vidonge. Mwezi wa pili uliniandikia kwamba usingizi umekuhama. Dawa ulizianza mwezi wa nne. Mtajie miezi hiyo miwili. Ukiniruhusu, nitakuja tukae pamoja tukisubiri zamu yako.

Mama yako