Ardhi ya zawadi ichunguzwe kabla ya kupokelewa

Mhariri,

Jiji linapopewa ardhi ili libaki eneo la asili au uwanja wa wazi, picha ya kukabidhiana hati hutangulia gazetini na uchunguzi hufuata, kama utafuata. Hata mbuzi wa zawadi anaweza kuwa ndani ya gunia.

Swali la kwanza ni kwa nini ardhi inatolewa. Wapo wanaotoa kwa moyo safi. Lakini vipande vingine ni masalio ya mradi wa nyumba: mteremko usiojengeka, bwawa la maji ya mvua, ukanda chini ya nyaya za umeme. Pengine sheria imeshamtaka mjenzi aache sehemu wazi, naye analeta wajibu wake kwa jina la hisani. Si kwamba kisichojengeka hakifai. Bonde linalofurika huenda ndilo linalostahili zaidi kubaki wazi. Ila lipokelewe kwa sababu hiyo, si kwa kuwa ni la bure.

Kisha hati. Kwenye usajili ziangaliwe rehani, mazuio na haki za njia. Mpimaji naye akatafute bikoni, yaani alama za mipaka, uwandani, maana uzio wa jirani hauijui ramani. Masharti ya mtoaji yasomwe neno kwa neno. Huko Macon, Marekani, Seneta Augustus Bacon aliusia mwaka 1911 kwamba ardhi yake iwe bustani ya Wazungu peke yao. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikataa ubaguzi huo mwaka 1966, na mwaka 1970 ikaridhia ardhi irudi kwa warithi. Jiji likabaki bila bustani.

Sumu ya ardhini haionekani kwa macho. Zitazamwe picha za zamani za anga, waulizwe wazee wa mtaa: hapa palikuwa na gereji, dampo, kituo cha mafuta? Dalili ikipatikana, udongo na maji ya chini yapimwe maabara kabla ya saini yoyote. Eneo la Love Canal, mjini Niagara Falls, Marekani, liliuzwa kwa bodi ya shule mwaka 1953 kwa dola 1. Muuzaji, kampuni ya kemikali ya Hooker, ilikuwa imefukia humo takriban tani 21,000 za taka za kemikali, na hati ilikuwa na kifungu cha kuiondolea lawama. Mwaka 1978 ikatangazwa hali ya dharura.

Kwa upande wa viumbe, watu hutaja ukubwa na kusahau umbo. Chukua hekta 1 ya mraba, mita 100 kwa 100. Jua, upepo, paka wa majumbani na mbegu za magugu vikipenya mita 30 kutoka kila upande, kiini kilichotulia ni mita 40 kwa 40, yaani asilimia 16 tu. Hekta hiyo hiyo ikiwa ukanda wa mita 20 kwa 500, kiini hakipo kabisa. Hata hivyo ukanda kama huo, ukifuata mto na kuunganisha misitu miwili, unaweza kuwa na faida kuliko mraba uliozungukwa na lami. Wataalamu waende masika na kiangazi. Ziara moja ya kiangazi haionyeshi maji yanapotuama.

Gharama ndiyo inayofichwa zaidi: uzio, kuzoa taka, kung'oa mimea vamizi, kukata miti mikavu inayoinamia nyumba. Kama matunzo yanahitaji 1,000 kwa mwaka na mfuko wa fedha zilizowekezwa unazalisha asilimia 4, mtoaji au jiji liweke 25,000 kwanza. Bila hivyo, eneo litageuka jalala.

Jiji likitumia jedwali la alama kupima ardhi inayotolewa, hukosea likijumlisha kila kitu. Mandhari nzuri hupata alama nyingi, zikafunika udongo wenye sumu. Hati, sumu na njia ya kuingilia viwe milango: ukishindwa mmoja, alama zisihesabiwe. Mtoaji aliyeshindwa hapo anaweza kubaki na ardhi yake na kusajili mkataba wa kutoijenga, au akubali iuzwe na fedha zinunue eneo linalofaa. Asipotaka lolote kati ya hayo, aandikiwe barua ya shukrani na ya kukataa.

Mpangamiji