Wahunzi wa Mamba bado wapo, msiwaandike kama marehemu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya uhunzi, yaani kazi ya kufua chuma, nikaumia, maana mwanzo mpaka mwisho ni "walifua", "walitengeneza", kama vile kazi hii imeshazikwa. Mimi ni fundi welding hapa Himo mwaka wa 14 sasa, mageti, madirisha, bodi za malori, na karibu nusu ya kipato changu siku hizi inatoka kwenye mkaa na nyundo.

Kilichonipeleka huko ni tindo. Wachonga mawe walikuwa wananiletea zilizolika, naunga kipande kipya kwa welding, siku mbili wanarudi pamekatika palepale kwenye kiungo. Ndo nikapanda Mamba, huku mlimani Kilimanjaro, kwa mzee mmoja ambaye ukoo wao wanafua chuma tangu mababu, na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, ile mifuko ya kupulizia moto, kwake bado inapumua hadi leo. Akaniambia usiunge, ivute. Yaani unapasha tindo ileile mpaka iwe rangi ya chungwa, unaigonga inarefuka, halafu unairudishia ugumu. Chuoni hatukufundishwa hilo hata siku moja, tulijua kukata na kuunga basi.

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, banda la mabati tu. Jiko ni rimu ya lori nimeikandika udongo, upepo unatoka kwenye feni ya hita ya gari inayotumia betri ya volti 12, fuawe, yaani chuma cha kugongea juu yake, ni hafu shafti ya lori (mtaimbo unaozungusha tairi) nimeisimamisha kwenye gogo ile sahani yake iangalie juu, koleo nimechomelea mwenyewe. Umeme ukikatika wenzangu wanakaa, mimi nafua.

Panga langu la kwanza la chuma cha springi nililizamisha likiwa la moto kwenye maji, nikasikia tik, limepasuka. Springi inataka mafuta, kwa hiyo sasa nanunua yaliyochoka kwa wauza chipsi. Joto napima kwa sumaku, chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, unaongeza moto kidogo unazamisha, halafu unakipasha tena taratibu kwa moto mdogo la sivyo kitavunjika kama kioo. Mzee hana sumaku, anaangalia rangi tu na sijawahi kumuona amekosea. Na vijana mtakaojaribu, msiweke bomba la maji lenye zinki kwenye moto, ule moshi mweupe unaleta homa na kubana kifua, sisi wa welding tunaujua vizuri.

Ombi langu mtume mwandishi Mamba akaongee nao wakiwa hai, wajukuu wengi wanakimbilia bodaboda na mzee kwa sasa anayemfundisha ni mimi tu wa kuja. Ila mwandishi akubali kukaa ndani ya banda, lina giza makusudi, kwenye jua rangi ya chuma haionekani.

Fundi welding,
Himo, Kilimanjaro