Bichi za wazi Mwanza zinahitaji choo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongelee bichi ndogo za wazi hapa Mwanza, zile za kuingia bure. Jumapili nilienda na wanangu kwenye moja, watu wamejaa, watoto wanaogelea, kina mama wanakaanga sato, jua linazamia ziwani yani raha tupu, ila huyu wa mwisho akabanwa haja kubwa na choo hamna, tukaulizia tukaonyeshwa vichaka hapo hapo kando ya maji.

Hapo ndo naona hatari, maana kichocho cha Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ni kile cha tumbo, mayai yanatoka na choo kubwa, yakifika majini yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wa kwenye majani, vikitoka huko vinapenya ngozi ya anayeogelea. Dawa ipo, prazikwanteli, watoto wanapewa mashuleni, lakini mtoto akimeza leo halafu akarudi kwenye maji yale yale anaambukizwa tena, sasa vidonge peke yake vitafanya nini?

Naomba jiji lijenge choo chenye maji na sabuni, nyuma ya zile mita 60 kutoka ukingo wa ziwa ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kujenga ndani yake, na majani yatolewe sehemu ya kuogelea. Hata tukilipia mia mbili sawa tu, ila kisifungwe saa kumi jioni wakati watu ndo kwanza wanafika.

Mzazi, Mwanza