Kigari kikikwama, mwacheni mtoto akikwamue

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kidogo kuhusu somo la ubunifu na teknolojia katika shule za msingi, ambalo wengi hulichukulia kuwa ni kukata na kubandika karatasi hadi kengele ilie.

Muhula ukikaribia kwisha, meza za madarasani hujaa vinyumba vya kadibodi vyenye paa lililonyooka kama limepigwa randa. Ukimuuliza mwenye kinyumba amelikataje dirisha lile la duara, anatazama viatu vyake. Hiyo ni kazi ya baba, au ya shangazi aliyekesha na gundi. Nasi walimu tunatoa tisa kwa kumi. Nami niliwahi kumpa alama nzuri baba wa mwanafunzi wangu, na hadi leo naona haya.

Lakini wazazi wasibebeshwe lawama yote. Sisi wenyewe hugawa kiolezo kimoja, watoto arobaini wakatoka na vitu arobaini vinavyofanana, halafu tukasema wamebuni. Wamenakili tu. Kubuni huanzia kwenye shida ya mtu: bibi asiyeweza kuinama kuokota kitu, au kopo la penseli linaloanguka kila meza inapoguswa.

Hivi karibuni niliwaagiza wanafunzi wangu wa darasa la nne watengeneze kigari kitakachoteremka kwenye ubao ulioinamishwa na kufika mbali kadiri kiwezavyo. Vifaa vilikuwa maboksi, vijiti vyembamba, mirija ya kunywea na vifuniko vya chupa. Kundi moja lilibandika vijiti chini ya boksi kwa gundi, likavichomeka vifuniko kwenye ncha hadi vikakaza. Kigari kilipendeza. Kilipowekwa juu ya ubao kikaburuzika kidogo, kikasimama.

Mikono iliniwasha niwaonyeshe. Nikaifunga mgongoni. Kwa dakika kama ishirini walilaumu kila kitu: gundi mbaya, ubao mbaya, vifuniko vibaya, na mwenzao mmoja aliyekuwa amekwenda chooni. Mwishowe binti mmoja akakipindua kigari na kujaribu kuzungusha gurudumu kwa kidole. "Mwalimu, kijiti hakizunguki. Tumekigandisha!" Akakibandua, akakipitisha ndani ya mrija, kisha akabandika mrija kwenye boksi badala ya kijiti. Kigari kikateremka hadi kikagonga ukuta. Neno "ekseli", yaani kijiti kinachoshika magurudumu na kuzunguka nayo, nililiandika ubaoni baada ya hapo. Ningeliandika mapema, wangelikariri na kigari kingebaki palepale.

Ndiyo maana nashauri kazi yote ifanyike darasani, na alama nyingi ziende kwenye daftari: mchoro wa kwanza, kilichokataa, kilichobadilishwa na sababu yake. Mtoto ambaye kigari chake hakikusogea lakini anajua kwa nini, mimi nampa alama zaidi kuliko yule aliyekiokota kikiwa tayari. Kipindi kimoja hakitoshi kwa kazi hii, kwani watoto huwa ndio kwanza wamepanga vifaa wakati wa kuvikusanya unafika. Viwekwe vipindi viwili mfululizo.

Wapo wanaotaka somo lisubiri kompyuta. Ufini iliingiza kazi za mikono katika mtaala wa shule mwaka 1866, kwa msukumo wa Uno Cygnaeus, mwasisi wa shule za msingi za umma nchini humo, wakati kompyuta haikuwa hata ndoto. Uingereza nayo ilipoingiza somo la ubunifu na teknolojia katika mtaala wa taifa mwaka 1990, ilianza na watoto wa miaka mitano. Kompyuta zikija, karibu sana. Ila bawaba ni teknolojia, na zipu pia. Mtoto aliyekwisha kufungua bawaba akaona inavyofanya kazi hataiogopa mashine kubwa zaidi.

Kuhusu hofu ya mkasi: matumizi yake yanafundishika. Mtoto anakaa anapokata, na anapompa mwenzake anatanguliza mpini. Darasani kwangu hilo ndilo somo la siku ya kwanza.

Nanyi wazazi, mkiletewa nyumbani kinyumba kilichopinda, tafadhali msikinyooshe. Mwulizeni tu fundi wenu mlango wake unafungukaje.

Mwalimu wa shule ya msingi