Bwawa la kuzuia mafuriko lisijazwe maji

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala ambao kila masika yanapokaribia huibuka tena katika mikutano ya vijiji vya bonde la Mkondoa wilayani Kilosa, yaani kujenga mabwawa madogo ya udongo kwenye makorongo ya juu ili maji yapungue kasi kabla ya kufika mashambani na majumbani. Nilikuwa fundi sanifu wa maji kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye jembe, na wazo hilo naliunga mkono. Ninachokipinga ni ahadi inayofuatana nalo, kwamba bwawa hilo hilo moja litazuia mafuriko, litanyweshea ng'ombe, litamwagilia vitunguu kiangazi chote na tena litafugiwa samaki.

Umuhimu wa bwawa katika bonde hili hauhitaji maelezo marefu kwa wenyeji. Bwawa la Kidete lilibomolewa na mvua za El Niño za 1997/98, na mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika kwa namna ambayo hatujaisahau: zaidi ya watu 20,000 walikosa makazi, na njia ya Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe ikasombwa hata treni za kwenda bara zikasimama kwa miezi. Reli mpya ya kisasa imepitishwa kwenye mahandaki milimani, jambo jema kabisa. Reli imepata pa kukimbilia. Shamba la mahindi halina miguu.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu. Bwawa dogo la kuzuia mafuriko hufanya kazi moja, nayo ni kuyachelewesha maji. Yale ambayo yangeshuka korongoni kwa saa mbili hupokewa nyuma ya tuta, kisha hutolewa kidogo kidogo kwa siku nzima au zaidi kupitia bomba lililolazwa chini ya tuta na kuachwa wazi, na kama mvua imezidi kipimo, ziada hupita pembeni kwenye utoro wa maji, ambao ni mfereji mpana uliochimbwa katika ardhi imara nje ya tuta lenyewe. Kinachomwokoa mtu wa bondeni, kwa hiyo, ni ile nafasi tupu iliyokuwapo bwawani kabla mvua haijaanza kunyesha.

Hesabu yake ni nyepesi na kila mjumbe wa serikali ya kijiji anaweza kuifanya mwenyewe. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000 za maji. Tuchukue korongo linalokusanya maji kutoka kilomita za mraba 6, mvua ya milimita 50 ikanyesha jioni moja, na ardhi ikanywa nusu yake: yatakayoshuka ni mita za ujazo 150,000. Bwawa lenye nafasi ya mita za ujazo 120,000, likiwa tupu, litayameza mengi ya maji hayo na kuyatema polepole, na huku chini mto utapanda bila kutoka kwenye kingo zake. Bwawa hilo hilo likiwa limejaa tangu mvua za vuli, maji ya jioni ile yatapita utoroni karibu yote, yakipunguzwa kidogo tu na ile nafasi iliyobaki kati ya kizingiti cha utoro na kichwa cha tuta. Mwananchi aliyelala bondeni akiamini kwamba ana bwawa juu yake atakuwa na hali ileile ya jirani yake asiye na bwawa, ila yeye hatakuwa na wasiwasi, na huko kutokuwa na wasiwasi ndiko kunakoua.

Mahitaji haya mawili yanagombea nafasi ileile. Mwagiliaji anataka bwawa lijae mapema na likae limejaa, na mtu wa bondeni anataka likae tupu. Nimeyaona haya kwa macho yangu katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nilipokwenda kutazama bwawa kabla ya masika na kukuta wakulima wamepanga viroba vya mchanga, safu tatu, juu ya kizingiti cha utoro ili maji yapande na kufika kwenye mfereji wa bustani zao. Kazi yenyewe ilikuwa nadhifu, viroba vimefungwa na kupandiana kama matofali. Sikuweza kuwalaumu, maana kiangazi kilikuwa kimewachoma vibaya na hakuna aliyewahi kuwaeleza utoro ni wa nini. Lakini viroba vile vilifika karibu nusu mita, wakati tuta lilikuwa limezidi utoro kwa mita moja tu. Kwa alasiri moja ya kazi ya kujitolea, nusu ya usalama wa kijiji kizima kilichokuwa chini ya tuta ilikuwa imekwisha kuliwa. Tulizungumza hadi jioni, na viroba vikaondolewa, ingawa si kwa furaha.

Wasiojua wataona nakuza mambo. Tuta la udongo lililoshindiliwa vizuri, tabaka kwa tabaka, likiwa na unyevu wa kutosha na kiini cha mfinyanzi, linaweza kukaa miaka mingi, lakini halivumilii maji kupita juu ya kichwa chake. Maji yakishaanza kumwagikia upande wa nyuma huchimba kijifereji, kijifereji huwa korongo, na baada ya muda mfupi bwawa lote huteremka kwa mpigo mmoja, kwa nguvu kuliko mafuriko ambayo lilijengwa kuyazuia. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo lililokuwa katika shamba la mtu binafsi lilipasuka na kuua zaidi ya watu 40. Lile lilikuwa bwawa la shamba, halikujengwa kwa ajili ya mafuriko, ila udongo haujui ulishindiliwa kwa sababu gani.

Lipo jambo jingine linaloila nafasi tupu, tena kimyakimya, nalo ni mchanga na tope. Wenzetu wa Dodoma, ambako Mto Kinyasungwe unaotuletea maji unaanzia, wana uzoefu wa uchungu. Mabwawa ya Ikowa na Hombolo yalijengwa mwaka 1957, na tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa wakipima jinsi yanavyojaa mchanga unaotoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti na majani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tulioujua kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na ilipofika 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka sana la Kondoa. Hatua ile ilikuwa kali mno, wala sipendekezi tuifuate. Hata hivyo, anayejenga bwawa bila kuacha ukanda wa majani upande wa juu yanakotokea maji, au bila kuwazuia wanaolima hadi ukingoni mwa korongo, ajue kwamba anajenga chombo cha kupokea udongo.

Ninachopendekeza ni kwamba katika kila bwawa litakalojengwa kwa jina la kuzuia mafuriko, ramani ya mhandisi ioneshe kimo cha maji kinachoruhusiwa kubaki kwa matumizi, na kimo hicho kisimikwe bwawani kwa nguzo ya zege iliyopakwa rangi ili hata mtoto aone maji yakikipita. Juu ya alama hiyo pabaki patupu. Ng'ombe wajengewe birika chini ya tuta au wanyweshwe maji kwenye lambo la pembeni, kwa kuwa kwato zao juu ya tuta hufungua njia za maji, na wafyatua matofali wanaokwenda kuchota mfinyanzi ubavuni mwa tuta wazuiwe bila kuoneana haya. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Jumuiya hiyo imlipe mtu mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye kazi yake ni kufyeka utoro, kuziba mashimo ya panya na fuko, kung'oa miti inayoota kwenye tuta ingali michanga na kuhakikisha mdomo wa bomba haujazibwa na magogo.

Najua ugumu wa pendekezo hili. Bwawa linaloachwa nusu tupu halipendezi katika picha, na sijawahi kumwona kiongozi akikata utepe mbele ya shimo kavu. Wakulima nao watauliza, kwa haki kabisa, kwa nini watazame nafasi tupu huku mimea ikinyauka. Jibu langu kwao ni kwamba bustani ina haki ya bwawa lake, na mara nyingi malambo mawili madogo, moja la kiangazi na jingine la masika, hujibu haja za watu kuliko bwawa moja linalotumikia mabwana wawili. Fedha zikitosha bwawa moja tu, basi mkutano wa kijiji uamue waziwazi, kabla katapila halijafika, ni la mafuriko au la umwagiliaji, na uamuzi huo uandikwe kwenye muhtasari.

Kijijini kwetu mkutano huo unatarajiwa baada ya mavuno. Nawaomba wataalamu wa wilaya waje na mchoro unaoonesha kimo hicho cha maji, nasi wazee tutakaa mbele tuutazame.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima na fundi sanifu mstaafu wa maji,
Kilosa, Morogoro.