Asilimia 70 ya nini?

Mpendwa Rehema,

Salamu kutoka kwetu sote, nasi tunaomba nanyi hamjambo. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unauliza iweje Ufilipino ipate uhuru tarehe 4 Julai 1946, mwezi Septemba itunge sheria ya kumpa mkulima asilimia 70 ya mavuno, na bado vita vya Wahuk, wale wakulima waasi waliopigana msituni, viendelee kuwaka kwenye mashamba yaleyale ya mpunga miaka kadhaa mfululizo. Kila ukikutana na asilimia au robo tatu katika sheria za miaka ile, uliza kwanza: ya nini? Shida yote imejificha hapo.

Tuanze na robo tatu. Marekani ilikuwa imepitisha sheria mbili siku moja, 30 Aprili 1946: moja ya biashara, nyingine ya fidia za vita. Ya biashara iliifunga peso kwa bei ya 2 kwa dola 1, isibadilishwe bila ridhaa ya rais wa Marekani, tena ikadai Wamarekani wapewe haki sawa na Wafilipino katika ardhi ya umma, madini, misitu na huduma kama umeme. Ya fidia ikasema hakuna dai litakalolipwa zaidi ya dola 500 mpaka makubaliano ya biashara yaanze kazi. Kwa nchi ambayo mji wake mkuu ulikuwa kifusi, hapo hakuna cha kuchagua. Ila Katiba ya 1935 ilitaka asilimia 60 ya mtaji katika mambo hayo iwe ya Wafilipino, kwa hiyo ilibidi Katiba ibadilishwe, na kuibadilisha kulihitaji robo tatu ya kila baraza.

Sasa piga hesabu. Seneti ilikuwa na viti 24. Robo tatu yake ni 18. Waliokubali walikuwa 16. Baraza la Wawakilishi lilikuwa na 98, kwa hiyo zilitakiwa kura 74. Waliokubali walikuwa 68. Lingeanguka kote kuwili. Lakini maseneta 3 na wawakilishi 8 walikuwa wamezuiwa kukaa vitini kwa madai kwamba kura za mikoa ya Luzon ya Kati, eneo la mashamba hayo ya mpunga, zilipatikana kwa vitisho na udanganyifu. Waondoe hao kwenye hesabu: robo tatu ya 21 ni 15.75, na robo tatu ya 90 ni 67.5. Kumi na sita wanatosha, na sitini na wanane wanatosha. Sijui kama kuna hesabu ya bunge iliyopita kwa upenyo mwembamba kuliko huo. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, inaitwa Mabanag dhidi ya Lopez Vito, na tarehe 5 Machi 1947 mahakama ikasema jambo hilo ni la kisiasa, haliwahusu majaji. Siku sita baadaye wananchi walipiga kura ya maoni, na waliokubali wakawa wengi mno.

Nimekupitisha huko kwa sababu moja. Baadhi ya wawakilishi waliozuiwa, akiwemo Luis Taruc wa Pampanga, walikuwa wamechaguliwa kwa kura za wakulima wasio na ardhi, wale wanaoitwa kule kasama, yaani anayelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno. Bunge lilipitisha badiliko la Katiba tarehe 18 Septemba 1946. Siku 12 baadaye, bila watu hao kuwamo ndani, ikatoka Sheria ya Jamhuri Na. 34, ile ya 70 kwa 30.

Hiyo ilikuwa marekebisho ya sheria ya 1933, nayo ina kituko chake. Sheria ile ya mwanzo haikuanza kazi katika mkoa wowote mpaka zaidi ya nusu ya mabaraza ya miji ya mkoa huo yaombe, na waliokalia mabaraza hayo walikuwa wenye mashamba na jamaa zao. Paka kapewa kulinda samaki. Ilipokuja kurekebishwa mwaka 1936 ikabaki kasoro ya mkataba wa msimu mmoja: mkulima aliyedai haki zake aliambiwa tu kwamba mwaka umekwisha, ahame.

Sheria Na. 34 haikumpa mkulima 70 kwa kuwa ni mkulima. Ilimpa iwapo yeye ndiye mwenye nyati wa kulimia na zana, na yeye ndiye aliyebeba gharama zote za kupanda na kupalilia. Mambo yakiwa kinyume, mwenye shamba akatoa vyote hivyo, mgawo unageuka: 70 zake, 30 za mkulima. Asilimia zilezile, sheria ileile.

Mwaka 1954, wakati wa Rais Magsaysay, Sheria Na. 1199 iliukata mgawo vipande ili kila mtu aone anacholipwa nacho. Ardhi 30, nguvu kazi 30, zana 5, nyati 5, haro ya mwisho (kulainisha na kusawazisha udongo) kabla ya kupandikiza 5, na kupandikiza miche 25. Jumla 100. Kabla ya kugawana unatoa kwanza mbegu, kisha gharama za mbolea, dawa, kuvuna na kupura.

Wewe uliyelelewa kwenye majaruba ya Kilombero utaiona haraka. Tuseme hekta moja imetoa kavani 60 za mpunga. Kavani ni gunia lao, kama kilo 44. Toa 1 ya mbegu na 9 za kuvuna na kupura, zinabaki 50. Mkulima mwenye kila kitu anachukua asilimia 70: kavani 35. Hana nyati, zana wala haro? Zinaondoka asilimia 15, anabaki na 27 na nusu. Sasa angalia ile 25 ya kupandikiza. Kupandikiza kunataka watu wengi kwa siku chache, na watu hao wanataka malipo papo hapo, msimu ambao mkulima hana hata chakula ndani. Mwenye shamba akilipa yeye, robo nzima ya mavuno inahamia kwake. Mkulima anabaki na nguvu kazi tu, asilimia 30, yaani kavani 15.

Na katika hizo 15 kuna deni. Mtindo ulioitwa takipan ulikuwa wa kukopa kavani 1 na kurudisha 2 wakati wa mavuno. Talindua, kukopa 2 na kurudisha 3. Akiwa amekula kavani 6 za takipan kabla ya mavuno, anarudisha 12, anakwenda nyumbani na 3. Sheria za riba zilikuwapo, lakini mkopo wa mpunga unapimwa uani kwa mwenye ghala, hauandikwi popote.

Sheria hiyohiyo ilimpa mkulima nafasi ya kuacha kugawana na kulipa kodi maalumu: isizidi asilimia 30 kwa shamba linalozidi kavani 40 kwa hekta, au 25 kwa lililo chini ya hapo, kwa wastani wa miaka mitatu iliyotangulia. Linapendeza, ila tazama: hiyo 30 ni ya mavuno yote kabla ya kutoa chochote. Thelathini ya 60 ni 18. Ukitoa na zile 10 za mbegu na kuvuna, anabaki na 32, pungufu ya 35 za mkulima mwenye kila kitu. Kodi ilimfaa zaidi asiye na nyati, na huyo ndiye aliyeogopa kuidai, kwa maana mkopo wa chakula hutoka mkono uleule.

Kununua ardhi na kuwagawia hakukufika mbali. Sheria Na. 1400 ya 1955 iliruhusu serikali kumlazimisha mtu binafsi auze kile tu kinachozidi hekta 300 zilizoungana, na kampuni, 600. Hata kima cha chini cha mshahara cha 1951, peso 4 kwa siku mjini Manila, kilianza shambani kwa peso 1.75, tena kwenye mashamba yanayozidi hekta 12 tu.

Mgawo wenyewe ulikuja kufutwa na Sheria Na. 3844 ya 8 Agosti 1963, mahali pake pakawekwa kodi isiyozidi asilimia 25. Safari hii ya kile kinachobaki baada ya kutoa mbegu, kuvuna na kupura. Kwa shamba letu la kavani 60, ni 25 ya 50: kavani 12 na nusu. Ila ilianza kazi eneo kwa eneo, pale serikali ilipotangaza, kama ile ya 1933 iliyongoja mabaraza. Ukinitumia jina la mkoa unaousoma, nitakutafutia ulitangazwa lini.

Wako,
Hamisi